'Tueleze siku uliyokosana na mkubwa wako wa kazi'

*Maswali ya tabia yameenea kwenye usaili wa kazi, kuanzia ofisi za umma hadi mashirika ya kimataifa. Makala haya yanaangalia yalikotoka, yanavyowaangusha vijana wenye sifa na namna ya kuyajibu bila kudanganya.*

Mwaka 2016, Jaji David Maraga aliketi mbele ya Tume ya Huduma za Mahakama ya Kenya akiomba kazi ya Jaji Mkuu. Usaili ulikuwa wa wazi na televisheni zilikuwa zikirusha kila neno. Akaulizwa swali ambalo hakuna shule ya sheria inayolifundisha: yeye ni Msabato, je, kesi ya kupinga matokeo ya urais ikiangukia Jumamosi, ataketi kuisikiliza?

Lilikuwa swali la mtego. Akisema ataketi, ataonekana mtu wa kuiweka imani yake pembeni ili apate cheo. Akikataa kavukavu, ataonekana hafai kuongoza mahakama ambayo Katiba inaipa siku 14 tu kuamua kesi ya namna hiyo. Maraga alisema wazi kwamba ingemwia vigumu sana kuketi siku ya Sabato, kisha akaeleza kwamba angezungumza na majaji wenzake wamruhusu asiketi siku hiyo. Kazi aliipata.

Mwaka uliofuata, jambo aliloulizwa likatokea kweli. Wakenya walipiga kura tarehe 8 Agosti 2017, na siku kumi baadaye kesi ya kupinga matokeo ikafunguliwa. Kikao cha maandalizi ya kesi kikapangwa jioni ya Jumamosi, tarehe 26 Agosti, Sabato ikiwa imekwisha. Septemba 1, ndani ya muda wa Katiba, Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa kufuta uchaguzi wa rais.

Wachache sana ndio watakaoomba ujaji mkuu. Lakini maswali ya aina hiyo, yanayopita juu ya vyeti na kumtafuta mtu mwenyewe, leo anakutana nayo mhasibu wa halmashauri, afisa mikopo wa benki, muuguzi, hata kijana anayeomba kazi ya mapokezi hotelini. Wengi hawakuandaliwa kuyajibu, na hapo ndipo ajira nyingi zinapopotelea.

Safari ya kulifikia jopo

Nchini Tanzania, mwombaji wa kazi serikalini hupitia hatua kadhaa kabla ya kuonana na jopo. Maombi hutumwa kupitia Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Hufuata usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika. Baadhi ya kada, kama udereva, zina usaili wa vitendo. Mwisho ni mahojiano ya ana kwa ana.

Tangazo la kuitwa kwenye usaili likitoka, masharti yake wasailiwa wanayajua kwa moyo. Fika na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa. Leta kitambulisho. Majina yafanane kwenye nyaraka zote. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi. Chakula, usafiri na malazi utajigharamia. Kwa hiyo mtu anaweza kutoka Kigoma au Songea kwa basi, bahasha ya kaki mapajani, nauli amekopa, akakae mbele ya jopo kwa dakika chache tu.

Ushindani wenyewe ni mkali. Juni 2014, zaidi ya watu 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walizidi laki moja. Watu wanaovuka mchujo wa namna hiyo wote wana vyeti, na wengi wanalingana alama. Jopo likiwauliza tena maana ya uhasibu au majukumu ya afisa rasilimali watu, halitawatofautisha. Linahitaji kitu ambacho hakimo kwenye bahasha.

Swali lilizaliwa wapi

Mwaka 1941, jeshi la anga la Marekani lilikuwa likifundisha marubani kwa haraka, na wengi walikuwa wakishindwa mafunzo. Mwanasaikolojia John Flanagan na wenzake walipopitia sababu zilizoandikwa na bodi za jeshi kuhusu wanafunzi 1,000 walioondolewa, walikuta maneno ya jumla yasiyosaidia kitu: hana kipaji cha kuruka, uamuzi wake mbovu, na mengine ya jinsi hiyo. Hakuna aliyekuwa ameandika mwanafunzi alifanya nini hasa, siku gani, ndege ikiwa katika hali gani.

Flanagan akaanza kudai matukio badala ya sifa. Mwaka 1954 alichapisha mbinu hiyo, nayo ikawa msingi wa mambo mengi yanayofanyika sasa kwenye vyumba vya usaili. Katika miaka ya 1970, kampuni ya Development Dimensions International ya Pittsburgh iliieneza kwa waajiri pamoja na njia ya kupanga jibu ambayo dunia inaijua kwa kifupi chake, STAR: mazingira yalikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, matokeo yakawa nini.

Tangu hapo maswali haya yamekuwa na koo mbili. Ukoo mmoja huuliza lililopita: tueleze siku ulipofanya kosa kubwa kazini. Wa pili huuliza la kudhani: ungefanya nini ukigundua mwenzako anaghushi risiti? Swali la Maraga lilikuwa la ukoo wa pili.

Mashirika makubwa yameyakubali maswali haya. Umoja wa Mataifa, wenye makao yake ya Afrika huko Gigiri, Nairobi, huwasaili waombaji kwa kupima umahiri uliotajwa kwenye tangazo la kazi. Utumishi wa serikali ya Uingereza hutoa alama kwa kila tabia, kuanzia 1 hadi 7.

> Flanagan akaanza kudai matukio badala ya sifa.

Tafiti zinaunga mkono usaili wa namna hii. Mwaka 1998, Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili wenye mpangilio, yaani wenye maswali yaleyale kwa kila mtu na alama zilizoainishwa, ulitabiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo ya kubahatisha. Mwaka 2022, Paul Sackett na wenzake walizipiga upya hesabu hizo. Makadirio mengi yakashuka, lakini usaili wenye mpangilio ukakaa juu ya orodha.

Wenye sifa wanavyoanguka

Jibu linalosikika sana kwenye usaili ni hili: mimi ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo na nashirikiana vizuri na wenzangu. Hakuna uongo ndani yake, ila halina tukio hata moja. Msaili aliyeshika kalamu hana cha kuandika, kwa sababu maneno hayohayo ameyasikia kwa watu kumi waliotangulia.

Kuna sababu iliyo chini zaidi, nayo ni malezi. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wamekuzwa wakijua kwamba kujisifu ni aibu, na kwamba mbele ya wakubwa mtu hujibu kwa ufupi na kuinamisha macho. Kazi nzuri huhesabiwa kuwa ya wote. Kijana huyo akiulizwa alifanya nini, husimulia walivyofanya na wenzake, na mchango wake mwenyewe humezwa humo. Jopo linaona mtu aliyekuwepo tu. Adabu iliyomlea vizuri nyumbani inamnyima alama pale anapozihitaji zaidi, na hilo si haki kulifumbia macho.

Wengine hudhani uzoefu ni wa ofisini peke yake. Mhitimu aliyesimamia duka la mama yake kwa miaka minne, au aliyekuwa kiongozi wa bweni, au aliyeendesha mashindano ya mpira ya kata, husema hana uzoefu, na wasifu wake unasema hivyohivyo.

Lugha nayo ina sehemu yake. Katika taasisi nyingi usaili huendeshwa kwa Kiingereza. Kueleza ugomvi, hofu au kosa kwa lugha uliyoitumia darasani tu ni kazi nzito kuliko kutaja kanuni ulizokariri kwa lugha hiyohiyo.

Shilingi 48,000 za kikundi

Chukulia msichana aliyehitimu stashahada ya uhasibu na hajawahi kuajiriwa. Jopo linamuuliza: tueleze siku uliyokosana na mtu mliyekuwa mkifanya kazi pamoja. Jibu la haraka ni kwamba yeye hapendi ugomvi na hajawahi kukosana na mtu. Hakuna atakayeamini, na swali limepita bure.

Lakini tuseme msichana huyo alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa mtaani kwao, vile vikundi vyenye kisanduku cha chuma na kufuli tatu, funguo zake zikishikwa na watu watatu tofauti. Akijipa muda wa kukumbuka, jibu lake laweza kuwa hili:

"Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha wanachama 25. Siku ya kuhesabu fedha, kisanduku kilipungua shilingi 48,000, na katibu akasema mbele ya watu wote kwamba nimezichukua mimi. Niliumia, lakini sikumjibu palepale. Niliomba kikao kisimame kwa saa moja. Nikachukua daftari langu na lake, tukapitia marejesho ya wiki sita mstari kwa mstari, mwenyekiti akishuhudia. Tukakuta mwanachama mmoja ameandikwa kuwa amelipa ilhali alikuwa ameahidi tu. Alikiri, akalipa wiki iliyofuata. Nikapendekeza kila malipo yasainiwe na watu wawili, na kikundi kikakubali. Mimi na katibu tuliendelea kufanya kazi pamoja mpaka mzunguko ulipoisha."

Jibu hilo halizidi dakika moja na nusu. Mazingira yamechukua sentensi mbili, na sehemu kubwa imekwenda kwenye hatua alizochukua yeye. Matokeo yanaweza kuhesabika. Katibu hakutukanwa, na msimuliaji hakujigeuza malaika, maana amekiri kwamba aliumia. Mhasibu anayetafutwa na taasisi yoyote, yaani mtulivu anayeamini daftari kuliko kelele, ameonekana bila kujitangaza.

Msaili makini hataishia hapo. Atauliza: kwa nini hukugundua mapema? Leo ungefanya nini tofauti? Aliyeishi tukio lake hujibu bila shida, hata kama jibu ni kwamba alipaswa kulinganisha madaftari kila wiki. Aliyelitunga huanza kutafuta maneno.

Kwa hiyo maandalizi yenye maana hufanyika kabla ya safari ya Dodoma au Nairobi, kwa kalamu na karatasi. Mtu asome majukumu ya kazi kwenye tangazo, kisha atafute maishani mwake matukio matano au sita: moja la mgogoro, moja la kosa, moja la kazi iliyobanwa na muda, moja la kumwongoza mtu, moja la kukataa jambo lisilo la haki. Ayaandike kwa ufupi na kuyasimulia kwa sauti mbele ya ndugu au rafiki mpaka ulimi uzoee. Asikariri neno kwa neno. Matukio hayo machache yatajibu maswali mengi, kwa kuwa tukio moja huweza kusimuliwa kwa upande zaidi ya mmoja.

Udhaifu, kosa na bosi wa zamani

Swali la udhaifu limezaa majibu ya kuazimana. La kawaida ni lile la mtu anayedai udhaifu wake ni kufanya kazi kupita kiasi. Wasaili wamelichoka. Jibu lenye uzito hutaja udhaifu wa kweli ambao hauvunji kazi inayoombwa, kisha hueleza kinachofanyika kuurekebisha. Anayeomba uhasibu anaweza kusema alikuwa akiogopa kuzungumza mbele ya watu, kwa hiyo aliomba kusoma taarifa ya fedha kwenye kikao cha kila mwezi. Asiseme kwamba tarakimu humchanganya.

Kuhusu bosi wa zamani, wengi huanguka kwa hasira. Kisa kinaweza kuwa cha kweli tupu, lakini jopo halimjui bosi huyo. Linamwona aliyekaa mbele yake akimsema mtu asiyekuwepo. Inatosha kueleza walitofautiana juu ya jambo gani, hoja iliwasilishwaje, na nini kilifanyika uamuzi ulipotolewa. Kukubali uamuzi wa mkubwa baada ya kutoa hoja si unyonge, isipokuwa jambo lenyewe linavunja sheria. Hapo jopo linataka kusikia kwamba ulikataa, na ulimwarifu nani.

Yapo pia maswali ya uchokozi, yanayotaka kuona kama mtu atapandwa na jazba. Mwaka 2011, Dk. Willy Mutunga alipokuwa akisailiwa kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, aliulizwa kuhusu hereni yake. Aliieleza bila kupandisha sauti, na akasema hataivua hata akipata kazi. Aliteuliwa nayo ikiwa sikioni.

> Aliyeishi tukio lake hujibu bila shida. Aliyelitunga huanza kutafuta maneno.

Hadithi za kukodi

Wanaoyapinga maswali haya wana hoja nzito. Wanasema yanamzawadia msimulizi, wala si mfanyakazi. Fundi hodari mwenye maneno machache ataachwa, na mwenye ulimi mwepesi atapita. Zaidi ya hapo, majibu ya mfano yamezagaa kwenye intaneti na kwenye makundi ya WhatsApp, na sasa programu za akili mnemba zinaweza kutunga kisa kamili kwa sekunde chache.

Hofu hiyo ina ushahidi. Mwaka 2007, Julia Levashina na Michael Campion walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo waliokuwa wakiomba kazi Marekani. Zaidi ya asilimia 90 walikiri kupamba majibu kwa namna fulani. Wale ambao upambaji wao ulikaribia uongo wenyewe walikuwa kati ya asilimia 28 na 75, kutegemea aina ya udanganyifu.

Hata hivyo utafiti huohuo ulionyesha kwamba maswali ya lililopita ni magumu kudanganya kuliko yale ya kudhani. Ulionyesha pia jambo ambalo wasaili wengi wasingelitarajia: maswali ya nyongeza yaliongeza upambaji, pengine kwa sababu msailiwa alisoma humo kile jopo linachotaka kusikia. Hilo halimaanishi jopo liache kudadisi. Linamaanisha lidadisi kwa kuuliza ukweli wa tukio, nani alikuwepo, nini kilifuata, bila kumtafunia msailiwa jibu.

Kwa msailiwa, kisa cha kuazima ni hatari isiyo na sababu. Wadhamini watatu aliowaandika kwenye wasifu wanaweza kupigiwa simu. Hata asipogunduliwa, atakuwa ameingia kwenye kazi iliyotafuta mtu mwingine.

Ndoa na mimba si swali la tabia

Kuna maswali yanayojificha chini ya jina la maswali ya tabia ilhali hayapimi utendaji. Umeolewa? Unatarajia kuzaa lini? Mumeo atakubali uhamishwe? Ni kabila gani? Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu na mingine, na kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa miongoni mwa wanaolindwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, inakwenda njia hiyohiyo.

Msichana aliyekaa peke yake mbele ya watu watano si rahisi awasomee vifungu. Anachoweza kufanya ni kulirudisha swali kwenye kazi: kama hofu ni safari za mikoani, aseme yuko tayari kusafiri na atoe mfano wa alivyowahi kufanya hivyo. Wajibu wa kulizuia swali lenyewe ni wa mwenyekiti wa jopo, papo hapo, na asisubiri malalamiko.

Upande wa pili wa meza

Mjadala kuhusu usaili mara nyingi huwalemea vijana peke yao: hawajui kujieleza, hawajiandai, hawajiamini. Wasaili nao wana deni. Swali la tabia likiulizwa na mtu asiyejua anapima nini, linageuka udadisi tu. Likiulizwa tofauti kwa kila msailiwa, halilinganishi mtu na mtu. Hata kampuni tajiri ziliwahi kupotea hapa. Mwaka 2013, Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa Google, alilieleza gazeti la The New York Times kwamba vitendawili walivyokuwa wakiwauliza waombaji vilikuwa kupoteza muda, na kwamba maswali ya tabia yenye vigezo vya alama ndiyo yaliyofanya kazi.

Matangazo mengi ya kazi hapa kwetu hutaja majukumu, sifa za kitaaluma na ngazi ya mshahara, kisha yanaishia hapo. Yanaweza kuongezewa mstari mmoja: usaili utapima uadilifu, utatuzi wa migogoro na kazi ya pamoja, na uzoefu wa shuleni, wa kijijini au wa biashara ya familia unakubalika. Mstari huo hauongezi gharama yoyote, wala hauvujishi mtihani, kwa sababu kila mtu bado atalazimika kuleta tukio lake.

Majopo yaongeze na mambo mengine mawili. Yampe msailiwa nusu dakika ya kufikiri bila kumkodolea macho, na pale ambapo kazi yenyewe hufanyika kwa Kiswahili, yamruhusu asimulie kwa Kiswahili. Sekretarieti ya Ajira, halmashauri, benki na mashirika binafsi yanaweza kuanza hivyo kwenye tangazo lao lijalo.